Mianzi Hatukuigusa

Baridi ya Njombe wapo wanaoijua kutoka nje na wapo wanaoijua kutoka ndani. Prisila Mtewele aliijua kutoka ndani. Alipokuwa mke mpya walipanga, yeye na mumewe Yoeli, chumba kimoja Njombe mjini, chumba cha mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magamba ambayo mashine ya mbao huyatema ikishakula gogo. Upepo wa Juni uliingia kati ya banzi na banzi kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Juu hapakuwa na dari. Pumzi zao za usiku zilipanda zikajishika kwenye bati, na jua lilipochomoza zilianza kurudi chini tone kwa tone: juu ya blanketi, ndani ya sufuria, kwenye paji la uso la Obed aliyekuwa bado mchanga.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kodi ya mwaka mzima mkononi. Mwaka wa pili Yoeli alicheleweshewa malipo huko kwenye kiwanda cha mbao, na Prisila aliporudi kutoka kuvuna viazi vya watu alikuta vyombo vyake vimepangwa uani, sufuria ndani ya sufuria, godoro limeegeshwa ukutani ili lisilowe pande zote mbili. Mvua ilikuwa inanyesha. Alichokikumbuka miaka yote iliyofuata si mvua, ni ule mpangilio. Mtu alikuwa amekaa chini akazipanga sufuria zake kwa ukubwa kabla ya kumfukuza.

Huko kwao mtu hatunzi fedha sandukuni, anaitunza kwenye msindano, ule msonobari wa mbao. Yoeli alikuwa na kipande cha kilima alichoachiwa na baba yake, na kila masika walikipandia miche, wakaipalilia, wakaipogoa, wakailinda na moto wa kiangazi. Walipokaa kupumzika, miti ingali ya kimo cha mbuzi, Prisila aliigawia kazi: huu boriti, huu mlango, ule dari.

"Dari ngapi?" Yoeli alimuuliza.

"Kila chumba."

"Hata chumba cha mpangaji unakiwekea dari?"

"Kwani mpangaji hapumui?"

Yoeli alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi, walikuja kujua baadaye, hakikuwa cha kicheko. Hakuiona boriti wala mlango. Alizikwa miti ikiwa imebakiza kidogo kukomaa, na udongo wa kaburi haujakauka walikuja wanunuzi kumpa pole na kumpa bei. Prisila aliwapa togwa, akawaambia miti haifiwi. Alingoja. Ilipokomaa aliikata, mingine akaiuza, mingine akaipasua mbao, akanunua kiwanja Mahongole, pembeni ya mji wa Makambako, kwa kuwa Makambako barabara zinakutana, na zinapokutana barabara hakukosi mtu anayetafuta pa kulala.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwekezaji, ingawa neno hilo halikuwahi kupita mdomoni mwake. Nyumba yake ilikuwa ndefu, ya tofali za kuchoma, vyumba vinane vinavyotazamana kwenye korido, na mwisho wa korido chumba chake mwenyewe, sawa na vingine. Kila chumba kilikuwa na dari ya mbao za Yoeli. Siku ya kuhamia mpangaji wa kwanza, Prisila alimsimamisha katikati ya chumba akamwambia atazame juu. Yule mtu alitazama, akidhani kuna nyoka.

Kodi aliipokea mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wenzake walitaka miezi sita, wengine mwaka, na walimcheka kwenye ibada ya jumuiya. "Mama Obed hapangishi," walisema, "Mama Obed anafuga watu." Naye alijibu kwamba hata ng'ombe hulazwa pakavu. Waliokuja kwake walikuwa wale ambao fedha yao huja kwa siku na huondoka kwa siku: wabeba magunia ya viazi, wachambua maharage, mshona viatu, na Emerensiana aliyeuza chakula stendi na ambaye, kila umeme ulipokwisha, alisingiziwa kuchemsha maharage kwa jiko la umeme mlango ukiwa umefungwa.

"Emerensiana, mita inakimbia kama imeona simba," Denis alimwambia mara moja, korido nzima ikisikia.

"Labda imeona mshahara wako ikajificha."

"Mimi nina taa moja tu, dada yangu. Na hiyo naizima nikitaka kuwaza."

"Basi haijawahi kuzimwa."

Denis alikuwa mpakiaji wa malori, mtu wa mabega mapana na maneno mepesi. Mkewe Teodora alikuwa mwembamba, mzaliwa wa Mlangali kule Ludewa, mchambua maharage sokoni. Hakuwa msemaji. Alimwita Prisila "mama", si kwa desturi ya kumwita kila mwanamke mzima mama, bali kwa sauti ya mtu aliyemwacha mama yake mbali na akapata mwingine wa kumsalimia asubuhi. Prisila naye alimwita mwanangu. Akipika ugali wa ulezi alimwekea sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiacha mlangoni bila kubisha.

Mwezi wa Julai, mwaka wao wa pili pale, Teodora alijifungua kabla ya siku zake. Hospitalini walimruhusu kurudi nyumbani na mtoto wa kike mdogo kama mkate, na wanawake wa korido wakamzungushia mablanketi, wakapokezana kumlaza kifuani. Denis alikuwa safarini na lori la viazi. Mtoto alikaa nao siku chache, akiwatazama kama mgeni anayeonyeshwa nyumba na ambaye hajaamua kama atapanga. Asubuhi moja ya ukungu aliacha kupumua.

Katika desturi ya huko, kichanga cha namna hiyo hakipelekwi makaburini. Hapigiwi mtu simu, haliwekwi turubai, wanaume hawaitwi. Wanawake humlaza mtoto karibu na nyumba, mahali mama yake anapopita, ili asiogope. Na jambo hilo likishafanyika halisemwi mbele ya mwanamume yeyote. Hata baba haambiwi ni wapi. Anajua kwa namna wanaume wanavyojua mambo hayo, yaani kwa kutouliza.

Teodora aliketi kitandani, mtoto mapajani. "Mama," alisema, "mimi sina pahali. Hapa nimepanga."

"Hapa ni pangu," Prisila alimwambia. "Na mimi nimempa."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka cha mianzi, ile ya kugemwa ulanzi, aliyoikuta kwenye kiwanja. Prisila, mama wa kanisa asiyeonja pombe, hakuwahi kuigema. Aliitunza kwa sababu ilikuwa inazuia upepo. Chini yake, upande wa nyumba, alichimba kwa jembe lake mwenyewe, Emerensiana akishika kanga kuwa pazia ingawa ukungu ulitosha. Mchungaji hakuitwa, maana mtoto hakuwa amebatizwa na jambo lenyewe ni la zamani kuliko kanisa. Walimlaza. Teodora aliuliza swali moja tu.

"Nikihama je, mama?"

"Utahama wewe. Yeye hana wa kumhamisha."

Alilisema hilo akiwa amepiga magoti, mikono yake ina udongo, na kwa Prisila neno lililosemwa hivyo lilikuwa zito kuliko kiapo cha mahakamani.

Miaka ilikwenda. Teodora alipata watoto wengine wawili, wakacheza kwenye mianzi bila kujua wanacheza na nani. Kila alipomwaga maji alimwaga mbali na mianzi. Prisila naye alizeeka goti moja kwanza, kisha la pili. Bati lilianza kuvuja juu ya chumba cha mshona viatu, na kila alipokarabati hapa pakafumuka pale, kwa kuwa kodi ya mwezi kwa mwezi, kwa bei aliyoiweka, ililisha watu lakini haikulisha nyumba.

Ndipo Obed alipokuja na wageni. Obed alikuwa mtu wa ofisi sasa, huko Dodoma, mwana mwema aliyempigia mama yake simu kila Jumapili baada ya ibada. Alikuja na bwana mmoja wa kampuni ya ujenzi, Edson, kijana nadhifu aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mzee mmoja wa mtaa kuwa shahidi. Waliketi chumbani mwa Prisila, Edson kwenye ndoo iliyogeuzwa, na hakulalamika.

"Bibi," Edson alisema, "mji unakua. Parachichi zimeleta viwanda, viwanda vitaleta watu, na watu hao watalala wapi? Serikali peke yake haiwezi kumjengea kila mtu. Sisi tunakuja na fedha, wewe una ardhi. Tunajenga ghorofa tatu za kupangisha, kwa gharama nafuu. Hapa analala mtu na familia yake mara nane. Tutawalaza mara thelathini."

Prisila alisikiliza. Wala hakuwa mjinga, na wala Edson hakuwa mwongo. Ndiyo maana jambo hili ni chungu. Aliwaza vyumba thelathini vikiwa vimepangana juu kwa juu, sakafu ya huyu ikiwa dari ya yule. Ndoto yake na Yoeli ilikuwa imerudi ikiwa na watu wenye fedha ndani yake.

"Na hawa wangu?" aliuliza. "Watarudi?"

"Wenye sifa watapewa kipaumbele."

"Sifa gani?"

Edson alimtazama Obed. Obed akasema taratibu, "Mtu awe na ajira inayoeleweka, mama. Barua ya mwajiri. Na kodi ya miezi sita, ya kuanzia tu."

"Denis mwajiri wake ni gunia."

Mzee wa mtaa alicheka. Obed hakucheka. "Mama, wewe utakuwa na nyumba mbili chini, zako mpaka mwisho wa maisha yako. Moja unakaa, moja unapangisha kwa masharti yako. Mpe Denis, mpe umtakaye. Goti lako hilo, nani atapanda kwenye bati na wewe? Utaanguka, na mimi nitapata habari nikiwa kikaoni."

Hapo alimshinda. Si kwa nyumba mbili. Kwa ile picha ya yeye kuanguka na mwanawe kupata habari akiwa mbali. Lakini lilikuwepo lile jambo la nyuma ya nyumba.

Walikuwemo wanaume watatu mle ndani, mmoja wao mwanawe wa kumzaa. Angesemaje? Jambo hilo halikuwa na maneno ya kusemwa mbele yao. Hakuwahi kufundishwa hayo maneno. Na angeyapata wapi yeye mama wa kanisa, aliyezika mtoto bila mchungaji, kiwanjani, chini ya mianzi ya pombe? Alitazama mikono yake.

"Ile mianzi ya nyuma," alisema mwishowe. "Ile msiiguse."

"Mianzi?" Edson alitabasamu. "Bibi anataka ulanzi wake."

Walicheka wote, kwa upendo, kama watu wanavyomcheka bibi. Prisila, ambaye pombe ilikuwa haijawahi kugusa ulimi wake, alicheka nao. Aliona ni afadhali wamwone mlevi kuliko kulitamka jambo lile.

"Haitaguswa, Bibi," Edson alisema, na akampa mkono. "Nakuahidi mimi mwenyewe."

Prisila alitia sahihi.

Kuwaambia wapangaji aliona ni kazi yake, akakataa Obed asimsaidie. Aliwakusanya koridoni Jumapili jioni. Alipomaliza, hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza. Denis ndiye aliyesema kwanza.

"Nyumba za gharama nafuu," alirudia. "Hii nafuu naijua, mama. Hata mgonjwa huambiwa ana nafuu, kesho yake tunatafuta mbao."

"Denis," Teodora alimkanya.

"Simlaumu mama. Nauliza tu, mimi wa gunia ni wa gharama gani? Maana kama nafuu iko juu yangu, basi mimi niko chini ya sakafu."

"Nyumba yangu ya pili nitawapa ninyi," Prisila alisema. "Mwezi kwa mwezi, kama sasa."

"Na sisi wengine?" Emerensiana aliuliza.

Emerensiana hakusubiri jibu. Aliingia chumbani kwake akaanza kushusha pazia.

Siku ya kuhama, lori dogo likiwa mlangoni, Teodora alimvuta Prisila nyuma ya nyumba. Walisimama mbele ya mianzi, ikitikisika na kutoa ule mlio wake wa mifupa mikavu.

"Mama, na yule?"

"Nimeshawaambia."

"Umewaambia wao? Wanaume?"

"Nimewaambia hapa hapaguswi. Wameahidi."

Teodora alimtazama kwa mshangao wenye shukrani, kama mtu anayeambiwa kwamba mwenzake amepita motoni kwa ajili yake. Aliinama akamshika magoti. Prisila alimwinua haraka, kwa kuwa alijua hakupita motoni, alikuwa ameuzunguka.

Teodora na Denis walipata chumba ng'ambo ya reli, cha mabanzi, cha kungojea. Prisila alipelekwa Njombe kwa binti yake Rejoice, akapewa kitanda karibu na jiko. Ujenzi ulichukua masika mbili. Kila Jumapili Obed alimwambia umefika wapi: msingi umekwisha, nguzo zimesimama, wamemwaga zege la juu. Na kila Jumapili Prisila aliuliza, "Na mianzi?" Obed alijibu, "Mianzi ipo, mama, jamani, nani atakunywa ulanzi huo wote?" Mara kadhaa alifungua mdomo ili amwambie. Simu ina hila hiyo, humfanya mtoto aonekane karibu na mbali kwa wakati mmoja. Lakini sauti iliyokuwa upande wa pili ilikuwa ya mwanamume, na Prisila alimwuliza habari za wajukuu.

Jengo lilipokaribia kukamilika walimleta kulitazama. Lilikuwa zuri, hilo hakuweza kulikataa. Kuta zilikuwa nyeupe, madirisha makubwa, na ngazi ilikuwa na mahali pa kushika. Edson alimpokea kwa furaha ya kweli, akamshika mkono kumpitisha kwenye kokoto.

"Kamwene, Bibi," alimsalimu kwa Kibena alichojifunza kwa ajili yake. "Twende kwanza nyuma. Nina kitu cha kukuonyesha."

Mianzi ilikuwepo. Walikuwa wameizungushia ukuta mdogo wa mawe, wakaikata majani makavu, wakaacha mashina yaliyo mazuri tu, kama watu wanavyochana nywele za mtoto anayekwenda kupigwa picha. Na mbele yake, upande wa nyumba, palikuwa na mfuniko mpana wa zege, mpya, wenye pete mbili za chuma za kuunyanyulia.

"Hatukuigusa," Edson alisema. "Mafundi walitaka kuing'oa, nikawaambia hapana, ya Bibi hiyo. Ilibidi tusogeze shimo la maji taka mita kadhaa kwa ajili yake. Lilitakiwa liwe kulee. Tukalileta hapa, mbele, tusikate mizizi."

Prisila alitazama mfuniko. Shimo lilikuwa likae mbali. Kama asingesema neno hata moja siku ile, lingekaa mbali.

"Mlichimba hapa," alisema.

"Kina cha kutosha. Halitajaa miaka mingi."

"Udongo mliupeleka wapi?"

"Mwingine umejaza ule upande wa mbele, wa kuegeshea magari. Mwingine uko pale." Alionyesha lundo jekundu lililokwisha kuota majani. "Kwa nini, Bibi? Umechoka? Leteni kiti."

Alikaa kwenye kiti walicholeta, akatazama wanaume wakipita na mbao, na hakulia, kwa kuwa angeulizwa sababu.

Kesho yake, kabla ya kurudi Njombe, alikwenda ng'ambo ya reli kwa miguu, magoti yake yakimwambia kila alichostahili kuambiwa. Teodora alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage, mabovu kulia, mazima kushoto. Alipomwona alianza kuinuka kumpokea, na alipomtazama usoni akakaa tena.

Prisila alimweleza yote. Hakuficha chumba, wala wanaume watatu, wala alichosema, wala alichokiacha bila kusema. Maharage yaliendelea kutenganishwa, kulia, kushoto, mpaka aliposema neno shimo, na shimo la nini. Hapo mikono ilisimama.

"Uliwaambia mianzi," Teodora alisema.

"Niliwaambia mianzi."

"Mimi nilidhani umewaambia mtoto."

"Mwanangu, unajua haisemwi."

"Najua." Alikung'uta ungo. "Wangesema hawataki kujenga juu yake, au wangesema tumhamishe. Moja kati ya hayo. Hata mtu wa kampuni ana mama."

Walikwenda pamoja mpaka kwenye lundo la udongo. Teodora alikuwa amechukua beseni la kuogeshea watoto. Mafundi wawili waliokuwa wanapaka rangi waliacha kupaka, wakatazama wanawake wawili waliosimama mbele ya lundo la udongo kama watu waliopotewa na kitu kidogo.

"Ni upi?" Teodora aliuliza.

Prisila alitazama. Ulikuwa udongo mwekundu, wote sawa, wa juu umechanganyika na wa chini kabisa, na nusu yake ilikuwa chini ya magari yatakayokuja.

"Sijui."

Teodora alipiga magoti, akachota kwa mikono miwili, hapa kidogo na pale kidogo, kuzunguka lundo lote, mpaka beseni likajaa nusu. Alilifunga kwa kanga.

"Nampeleka Mlangali," alisema. "Pale ni kwetu. Hakuna mtu anayeweza kuja na bei."

"Nitakusindikiza."

"Hapana."

"Na ile nyumba ya pili, Teodora. Iko tayari. Ina dari. Mwezi kwa mwezi."

Teodora aligeuka akalitazama lile jengo jeupe, dirisha kwa dirisha, na macho yake yakashuka mpaka chini, mpaka kwenye mfuniko.

"Nikaishi pale nimwage maji yangu wapi, mama mwenye nyumba?"

Hakuwahi kumwita hivyo.

Asubuhi iliyofuata Prisila alikwenda stendi, ingawa alikuwa amekatazwa. Alisimama upande wa wauza machungwa. Basi la Ludewa lilikuwa linapakia, na Teodora alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, beseni mikononi. Konda alikuwa kijana mchangamfu, mwenye neno kwa kila abiria.

"Mama, hilo beseni liende juu. Lina nini?"

"Udongo."

"Udongo!" Konda aliwageukia wenzake. "Jamani, Mlangali udongo umekwisha. Wanaagiza kutoka Makambako."

Wapiga debe walicheka. Mzee mmoja dirishani alisema labda ni wa dawa, mwingine akasema ni wa kufinyangia mume, na konda, akifurahia kazi yake, alinyoosha mikono alipokee beseni alirushe juu kwenye keria. Teodora alilishikilia. Palikuwa na wanaume pande zote.

Prisila alivuka. Hakukumbuka baadaye kama goti lilimuuma.

"Mwachie," alisema. "Ni mtoto huyo. Ni mtoto wake, nilimzika mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini stendi ilimsikia. Konda alishusha mikono. Yule mzee wa dirishani alivua kofia. Mtu mmoja alimwondoa abiria kwenye kiti cha mbele, na njia ikawa wazi mpaka ndani, wanaume wakiwa wamejibana kando kama wanaoogopa kugusa.

Teodora alipanda ngazi ya kwanza. Kisha akageuka. Uso wake haukuwa na hasira, na Prisila angetoa nyumba zote mbili ili uwe nayo.

"Kumbe inasemeka," alisema.

Aliingia, akakaa, akaliweka beseni mapajani, akatazama mbele. Basi liliondoka.